Picha moja kwa kila shambulizi: Jinsi taa za strobu zinavyotoa picha kali za kikapu ukumbini

Dar es Salaam. Kama umewahi kukesha hadi saa tisa na nusu usiku ukisubiri mechi ya NBA, ambayo kwa New York ndiyo kwanza saa moja na nusu jioni, huenda umeliona hili. Mchezaji anaruka, mkono unakaribia ringi, halafu kitu kama radi ndogo kinamulika uwanja mzima na kuzima kabla hujajua kimetoka wapi.

Wengi hudhani ni simu za mashabiki. Hapana. Taa ya simu haifiki mbali, achilia mbali kumulika uwanja wa mita 28 kwa 15. Mwanga ule hutoka juu kabisa karibu na paa, kwenye taa zilizofungwa katika njia wanazopita mafundi. Na anayeziwasha yuko chini, amekaa sakafuni nyuma ya mstari wa mwisho, kamera mkononi.

Taa hizo ndizo huitwa strobu. Ni ndugu wakubwa wa ile flashi ndogo inayochomekwa juu ya kamera ya mpiga picha wa harusi. Ndizo zilizozipa picha nyingi za kikapu za Marekani, zile za mabango na majarida, ule ukali ambao hata tone la jasho unaweza kulihesabu.

Kijana anayepiga picha za ligi ya mkoa au mashindano ya vyuo hukutana na kitu kingine kabisa. Anaweza kurudi nyumbani na picha mia tisa, karibu zote zikiwa na giza, chenga, au mkono wa mchezaji uliogeuka moshi. Na yule mchezaji aliyemwomba picha moja nzuri ya kuambatanisha kwenye maombi ya ufadhili wa masomo anaishia kutumia ile iliyopigwa na simu ya rafiki yake.

Strobu inaweza kuokoa jahazi, hata kwa flashi mbili ndogo za kawaida. Lakini inadai kitu ambacho wengi hawakitegemei: upige picha chache zaidi, siyo nyingi zaidi.

Ukumbi una giza kuliko unavyodhani

Jicho la mtu ni jepesi kuzoea. Ukiingia ukumbini, baada ya muda mfupi kila kitu kinaonekana sawa. Kamera haina huruma hiyo. Jua la mchana linaweza kuuzidi mwanga wa ukumbi wa kawaida kwa mara mia tano hivi.

Mpiga picha asiye na taa za ziada anabaki na njia tatu, na kila moja ina adhabu yake.

Ya kwanza ni kuacha shata ya kamera wazi kwa muda mrefu zaidi ili mwanga uingie. Hapo picha inatikisika. Chukua mkono wa mchezaji unaokwenda mita 5 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde, mkono huo unakuwa umesogea sentimita 2 picha ikiendelea kupigwa. Kwa 1/1000 unasogea nusu sentimita tu, na jicho halioni tatizo.

Ya pili ni kununua lenzi yenye tundu kubwa, ile ya f/2.8 au zaidi. Bei yake wanaijua wenyewe wapiga picha. Hata ukiipata, sehemu inayotoka kali inakuwa nyembamba: pua ya mchezaji iko safi, mpira ulio mbele yake una ukungu.

Ya tatu ni kupandisha ISO, yaani kuiambia kamera iukuze mwanga mdogo ilioupata. Ukifika 6400 kwenye kamera ya zamani, chenga zinaanza kula sura za watu, na ngozi nyeusi ndiyo huumia mwanzo kwa sababu chenga hupenda kujificha sehemu zenye mwanga hafifu.

Wengi huchanganya zote tatu kidogo kidogo na kupata picha inayofaa Instagram. Ikienda kwenye bango, inaumbuka.

Ndoo inayojaa polepole na kumwagwa kwa mkupuo

Strobu haifanyi kazi kama balbu. Balbu inatoa mwanga mfululizo. Strobu inajaza umeme kwenye kifaa kinachoitwa kapasita, kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalotiririka kidogo, halafu inaumwaga wote kwa mara moja kupitia bomba la kioo lenye gesi ya zenoni. Mwanga unaotoka ni mkali mno na wa muda mfupi mno.

Na hapa ndipo penye siri ya mambo yote. Ukitumia strobu vizuri, kinachomgandisha mchezaji hewani siyo shata ya kamera. Ni ufupi wa ule mwanga.

Kumbuka usiku wa mvua umeme umekatika mtaani. Radi ikipiga unaona pikipiki inayopita kana kwamba imesimama, hadi spoku za gurudumu unaweza kuzihesabu. Pikipiki haikusimama. Mwanga ulidumu kwa muda mfupi sana kiasi kwamba gurudumu halikupata nafasi ya kuzunguka. Strobu ni radi hiyo hiyo, ila wewe ndiye unayeamua ipige lini.

Aliyeifanya radi hiyo itumike kupiga picha ni Harold Edgerton, mhandisi wa umeme wa chuo cha MIT nchini Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akichunguza mota zinazozunguka, na akagundua kuwa akizimulika kwa mwanga unaowaka na kuzima haraka, zinaonekana zimesimama. Baadaye akapiga picha za tone la maziwa likigonga meza na kutengeneza umbo la taji, na mwaka 1964 picha ya risasi ikitoboa tufaha.

Gjon Mili, mhandisi mzaliwa wa Albania ambaye naye alipitia MIT, ndiye aliyeutoa mwanga huo maabara na kuupeleka kwa wacheza dansi na wanamichezo kupitia jarida la Life. Kuanzia hapo wapiga picha wa michezo hawakuangalia nyuma.

Bei yake: Unabonyeza mara moja

Ndoo ikishamwagwa lazima ijae tena. Strobu kubwa za ukumbini, zikiwa zimefyatuliwa kwa nguvu, huchukua sekunde kadhaa kabla ya kuwa tayari. Ukibonyeza kamera katikati ya muda huo unapata picha nyeusi au yenye mwanga nusu.

Fikiria maana yake. Kamera za sasa zinapiga picha 10, hata 20 au zaidi kwa sekunde, na wapiga picha wengi wamezoea kushikilia kitufe mchezaji akianza kuruka halafu kuchagua picha nyumbani. Mwenye strobu hana anasa hiyo. Shambulizi zima, kuanzia mpira unapovuka katikati hadi unapoingia golini, linampa picha moja. Akiwahi, mchezaji bado ana mguu chini. Akichelewa, mpira umeshapita kwenye nyavu na kinachoonekana ni migongo.

Mfano maarufu kuliko yote hautoki kwenye kikapu bali kwenye ngumi. Mei 25, 1965, mjini Lewiston katika jimbo la Maine, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza. Neil Leifer, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akipigia jarida la Sports Illustrated, alikuwa na filamu ya rangi na strobu zimefungwa juu ya ulingo. Strobu zile zilihitaji muda wa kujaa. Ali aliposimama juu ya Liston huku mkono wa kulia umekunjwa kifuani akimfokea ainuke, Leifer alikuwa na nafasi moja.

Akabonyeza. Picha hiyo hadi leo inatundikwa ukutani na watu ambao hawajawahi kutazama pambano hata moja la ngumi. Ukiitazama vizuri, katikati ya miguu ya Ali utamwona Herb Scharfman, mpiga picha mwenzake wa jarida hilo hilo, amekaa upande wa pili wa ulingo akiwa na mgongo wa Ali mbele yake. Alikuwa na vifaa, uzoefu na kiti cha mbele. Siku hiyo kiti kilikuwa upande usio wake.

Kwenye kikapu hali ni hiyo hiyo, usiku mzima, kila baada ya sekunde chache. Ndiyo maana wapiga picha wazuri wa strobu ni watu wanaoujua mchezo wenyewe. Wanajua mchezaji yupi hupenda kuingia kwa mkono wa kushoto, na nani akipewa mpira kona hatapasi. Wanabonyeza kabla ya tukio, maana ukisubiri ulione kwa macho limeshapita.

Ili kufidia, wenzao wa NBA walibuni njia ya kuifanya flashi moja ihudumie kamera nyingi. Andrew D. Bernstein, ambaye amekuwa akipiga picha za ligi hiyo tangu miaka ya 1980, ni mmoja wa walioikuza kazi hii. Kamera moja iko mkononi mwa mpiga picha, nyingine imefungwa nyuma ya kioo cha goli, nyingine chini ya nguzo, nyingine juu darini ikitazama ringi kutokea juu. Zote zinaunganishwa kwa redio. Akibonyeza mara moja, strobu zinawaka mara moja, na kamera zote zinakuwa zimefungua shata katika nukta hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba kila aina ya kamera huchelewa kidogo tofauti na nyingine tangu ipokee amri, hivyo vifaa vya redio hulazimika kuzisubirisha zile za haraka ili zile za polepole zifike.

Flashi mbili, stendi mbili

Kumbi nyingi hazina njia za mafundi juu wala bajeti ya strobu kubwa. Habari njema ni kwamba flashi mbili ndogo za kuchomeka, zile zinazotumika harusini, zinatosha kwa upande mmoja wa uwanja. Zinahitaji kifaa cha redio cha kuziwasha kwa mbali, kimoja juu ya kamera na vingine kwenye flashi. Wapiga picha wengi hukiita triga.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila anayeanza hulifanya ni kuweka flashi kwenye nguvu zote. Inaonekana ni akili ya kawaida: ukumbi mkubwa, basi piga kwa nguvu zote. Kumbe unajimaliza.

Flashi ndogo inapofyatuliwa kwa nguvu zote, mwanga wake huweza kudumu karibu 1/250 ya sekunde. Huo si mwanga wa kumgandisha mtu anayeruka. Pia inachukua sekunde kadhaa kujaa. Ukiishusha hadi robo ya nguvu, mwanga unakuwa mfupi hadi karibu 1/1000 au chini ya hapo, na inajaa ndani ya takriban sekunde moja. Moja ya nane ni fupi zaidi. Unapoteza mwanga lakini unapata ukali, na mwanga uliopungua unaufidia kwa ISO.

Angalizo kwa anayepata strobu za zamani za studio kwa bei ya kutupa: nyingi kati ya hizo zina tabia ya kinyume. Ukizipunguza nguvu mwanga wake unarefuka. Ukitaka ziwe na kasi, unazipandisha. Jaribu kabla ya kulipa.

Kwa flashi mbili zilizo umbali wa mita 10 hadi 12 kutoka golini, kila moja kwenye robo ya nguvu, mahali pazuri pa kuanzia ni ISO 800, lenzi f/4 na shata 1/250. Picha ikiwa na giza kidogo panda hadi ISO 1600. Usiguse shata.

Kwa nini shata isiguswe? Kamera nyingi zina mapazia mawili yanayofunguka na kufunga mbele ya kioo cha kunasia picha. Ukipita kasi fulani, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Flashi ikiwaka wakati huo inamulika sehemu tu ya picha, na kinachobaki ni mstari mweusi chini au juu. Wapo waliopeleka kamera kwa fundi kwa sababu ya mstari huo. Kamera haikuwa na ubovu wowote. Baadhi ya flashi zina mfumo wa kuruhusu kasi kubwa zaidi, lakini huo hula nguvu nyingi mno na kwa umbali wa ukumbini hausaidii.

Sasa lipo jaribio moja ambalo ni bora kuliko ushauri mwingine wote. Zima flashi, weka kamera kwenye namba zako, halafu piga picha ya uwanja kama ulivyo. Picha inatakiwa itoke karibu nyeusi kabisa.

Ikitoka na mwanga unaoonekana vizuri, ujue una tatizo. Taa za ukumbi nazo zitakuwa zinaandika picha yao kwa muda wote ambao shata iko wazi, na flashi itaandika ya kwake kwa ile nukta fupi. Matokeo ni mchezaji mkali mwenye mzimu pembeni yake: mkono halisi, halafu mkono wa pili wa moshi unaoufuata. Mwanga wa ukumbi ukiwa moja ya nane ya ule wa flashi, mzimu huo huonekani kirahisi. Ukiwa robo, unaanza kumwona kwenye viatu vyeupe na kwenye mpira.

Ziwekwe wapi?

Juu, na kwenye kona. Flashi moja kila upande wa goli unalolipiga, kwenye stendi imara juu ya viti au zikiwa zimebanwa kwenye nguzo, mita 4 au zaidi kutoka sakafuni, zikielekezwa eneo la kati ya ringi na mstari wa mitupo huru. Hapo ndipo danki, rebaundi na migongano hutokea. Usijaribu kumulika uwanja mzima kwa flashi mbili, utaishia kutomulika popote.

Umbali nao una hesabu yake, na watu wengi huishangaa. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Flashi iliyo mita 4 kutoka kwa mchezaji itamuunguza akiisogelea na kumwacha gizani akienda mita 8. Ikiwa mita 10, mchezaji anaweza kurudi nyuma hadi mita 14 na bado akapata nusu ya mwanga. Kwa hiyo kuziweka mbali na juu kunausawazisha mwanga, japo inauma kuona nguvu ikipotea.

Wapo wanaoelekeza flashi juu ili mwanga ugonge dari na kurudi laini. Dari nyeupe na ya chini, sawa. Mabati, au dari iliyopakwa kijani, sahau.

Na usihofu kuhusu upande ule mwingine wa uwanja. Timu hubadilishana magoli baada ya mapumziko, kwa hiyo ukikaa sehemu moja utapata robo mbili za kila timu ikishambulia goli lako. Kazi ya kuhamisha stendi katikati ya mchezo ndiyo huleta ajali.

Wachezaji wanasemaje?

Hapa ndipo wengi hufukuzwa ukumbini, na mara nyingine kwa haki kabisa.

Flashi iliyo juu ya kamera, ikiwaka usawa wa macho ya mchezaji anayekuja mbio kuelekea goli, inamwachia doa jeupe machoni kwa muda. Kwa mtu anayetakiwa kuiona ringi na beki kwa wakati mmoja, hilo ni jambo zito. Ndiyo sababu waandaaji wengi hupiga marufuku flashi kwa jumla, bila kutofautisha ile ya usoni na ile iliyofungwa juu.

Taa zilizo juu na pembeni hazimpigi mchezaji usoni moja kwa moja, na wachezaji wanaozicheza chini yake kila wiki huzizoea. Hata hivyo anayeamua si mpiga picha. Omba ruhusa kwa mwandaaji, mwamuzi na makocha wote wawili kabla ya mchezo, na uwaonyeshe flashi ikiwaka mara moja au mbili wakati timu zinapasha misuli. Kocha akikataa, zima. Ukipata ruhusa, heshimu mitupo huru. Mchezaji amesimama peke yake, ukumbi umenyamaza, hakuna sababu ya kumuwashia radi. Picha hiyo unaweza kuipiga bila flashi, kwa kuwa hasogei.

Usifyatue mfululizo haraka haraka. Mwanga unaowaka na kuzima mara nyingi ndani ya sekunde moja unaweza kuamsha kifafa kwa wachache wenye aina ya ugonjwa huo inayochochewa na mwanga. Picha moja kwa kila shambulizi ni salama zaidi kwao pia.

Lakini hatari ya wazi kuliko zote ni uzito. Flashi ndogo ina gramu mia kadhaa tu, kitu cha kutia mfukoni. Ikidondoka kutoka mita 6 inafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa, na chini kuna kichwa cha mtoto anayekula karanga. Kila kitu kinachoning'inia kifungwe mara mbili: kibano chake, halafu waya wa chuma unaozunguka nguzo, ili kibano kikiachia flashi ibaki imening'inia. Stendi ziwekewe mifuko ya mchanga miguuni na nyaya zibandikwe sakafuni kwa gundi ya utepe. Nailoni na kamba ya viatu si vifaa vya kazi hii.

Je, strobu imepitwa na wakati?

Swali ni la haki. Kamera mpya zinavumilia ISO ya juu kwa namna ambayo miaka kumi na tano iliyopita ingeonekana miujiza. Kumbi zilizojengwa kwa kuzingatia televisheni, kama BK Arena ya Kigali iliyofunguliwa mwaka 2019 na kuandaa msimu wa kwanza wa ligi ya BAL mwaka 2021, zina mwanga mwingi kuliko ukumbi wa shule. Ukiwa ndani ya ukumbi kama huo na kamera nzuri, piga bila strobu na ufurahie picha zako ishirini kwa sekunde. Wapiga picha wa habari hufanya hivyo kila siku, tena wanatakiwa watume picha wakati mchezo unaendelea.

Hata lile tatizo la mstari mweusi linaanza kuondoka. Novemba 2023 Sony ilitangaza kamera ya A9 III, isiyotegemea mapazia kwa sababu kioo chake chote hunasa picha kwa wakati mmoja, hivyo inaweza kufanya kazi na flashi hadi shata ya 1/80,000. Bei yake bado ni ya watu wachache.

Kwa ukumbi wa kawaida strobu ina faida moja ambayo haina mpinzani. Kwa kuwa mwanga wa ukumbi umeshushwa hadi karibu giza, kila ambacho flashi haikifikii kinatoweka. Viti vitupu vya plastiki, ukuta uliochubuka rangi, ndoo ya kudekia iliyosahaulika kona, vyote vinameza giza. Anabaki mchezaji, mpira na ringi, na mchezo wa Jumamosi wa timu ya mtaa unaonekana kama fainali.

Faida hiyo ina upande wake wa pili, na ni vizuri kuujua. Giza hilo linafuta pia mashabiki. Kama siku hiyo ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kwenye madirisha, halafu picha zako zote zina giza nyuma, umeificha habari yenyewe. Siku kama hiyo tenga dakika kumi, zima flashi, pandisha ISO na upige watu, chenga na zije tu.

Siku yenyewe

Fika mapema, angalau saa moja kabla, kwa sababu kufunga flashi mbili kwa usalama huchukua muda mrefu kuliko unavyofikiri na ngazi ya ukumbi huwa ina mwenyewe ambaye hajafika. Kagua chaneli ya redio. Kama kuna mpiga picha mwingine mwenye triga, kubalianeni kila mmoja atumie chaneli yake, la sivyo yeye akibonyeza zitawaka flashi zako, na wewe ukibonyeza utazikuta tupu.

Mwite rafiki asimame chini ya ringi anyanyue mkono, piga picha mbili tatu, ikuze picha kwenye kioo cha kamera na utazame vidole vyake. Mwambie aruke. Tazama tena vidole.

Betri zinazochajiwa ziwe seti mbili kwa kila flashi. Mapumziko badilisha zote, hata kama za kwanza zinaonekana bado zina moto, maana betri iliyochoka hurefusha muda wa kujaa na robo ya nne ndiyo yenye mambo. Flashi zikipata joto sana zitajizima zenyewe. Hilo likitokea, ziache zipumzike dakika chache, na mchezo ukiisha usizifungie kwenye begi zikiwa bado za moto.